Nyumba ya Bei Nafuu Yenye Deni la Benki: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kununua

Mwenye nyumba alikopa benki akaweka hatimiliki rehani. Biashara ikayumba, malipo ya kila mwezi yakamshinda, na sasa anatafuta mnunuzi wa haraka kabla benki haijaita dalali wa mnada. Bei anayotaja iko chini ya bei ya sokoni. Kwa mkazi aliyeweka akiba miaka mingi, au chama kinachotaka kununua nyumba ya kwanza ya kukodisha, hiyo ni nafasi inayovutia.

Nafasi hiyo inaweza kuwa nzuri kweli. Lakini wahenga walisema rahisi hughali. Nyumba yenye deni huwa na watu watatu mezani: mwenye nyumba, benki na wewe mnunuzi. Makubaliano na mmoja tu hayatoshi. Somo la toleo hili linaeleza jinsi mnunuzi mgeni anavyoweza kulinda fedha zake.

Njia mbili za kuuza

Njia ya kwanza ni uuzaji wa hiari. Mwenye nyumba anatafuta mnunuzi mwenyewe, benki inakubali, na fedha za mauzo zinalipa deni. Njia ya pili ni benki yenyewe kuuza baada ya mdaiwa kushindwa kulipa. Hapa benki inaweza kuuza kwa mnada wa hadhara au kwa mkataba na mnunuzi mmoja.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 haimruhusu mkopeshaji kuuza ghafla. Mdaiwa akichelewa kulipa kwa mwezi mmoja, benki inaweza kumpa notisi ya kurekebisha kosa katika muda usiopungua miezi 3. Asipolipa, hupewa notisi nyingine ya kuuza, isiyopungua siku 40. Katika mnada, dalali naye hutoa notisi ya siku 45, kisha mnada hauwezi kufanyika kabla ya siku 14 kupita tangu tangazo la kwanza gazetini.

Muda huo una maana kwako pia. Mdaiwa ana haki ya kulipa deni lote na kuokoa nyumba yake wakati wowote kabla benki haijakubaliana na mnunuzi. Kwa hiyo usianze kutumia fedha kwa ukarabati au kutafuta wapangaji kabla mauzo hayajakamilika.

Tufanye hesabu

Tuchukue mfano. Nyumba ina thamani ya shilingi 6,000,000 sokoni. Deni, pamoja na riba na gharama, limefika shilingi 5,200,000. Mwenye nyumba anakuuzia kwa shilingi 4,800,000.

Swali la kwanza: shilingi 400,000 zinazobaki atalipa nani? Benki haina wajibu wa kuachilia hatimiliki kabla ya deni lote kulipwa. Inaweza kukubali kiasi kidogo, ama kwa kusamehe baki au kwa kuendelea kumdai mkopaji, lakini hilo ni lazima liandikwe. Bila barua ya benki inayotaja kiasi itakachopokea ili kufuta rehani, bei ya shilingi 4,800,000 ni maneno ya mdomo tu.

Swali la pili ni gharama zako. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 katika maeneo ya miji na asilimia 2 mashambani. Mthamini wa serikali akiona nyumba ina thamani kubwa kuliko bei uliyolipa, ushuru hukadiriwa kwa thamani yake. Katika mfano wetu, ushuru mjini unaweza kuwa shilingi 240,000 wala si 192,000. Ongeza ada ya wakili, mthamini wako, usajili na matengenezo.

Swali la tatu ni kodi ya faida ya mtaji, ambayo tangu mwaka 2023 ni asilimia 15 ya faida ya muuzaji. Kodi hii ni ya muuzaji. Lakini kama benki inachukua kila shilingi, muuzaji ataitoa wapi? Usajili unaweza kukwama hapo. Kubalianeni mapema, kwa maandishi.

Kagua sehemu nne

*Sajili ya ardhi.* Fanya upekuzi rasmi wewe mwenyewe au kupitia wakili wako. Usikubali nakala iliyoletwa na muuzaji. Upekuzi utaonyesha jina la mmiliki, rehani zote, na vizuizi vilivyowekwa na mahakama au watu wengine. Wakati mwingine nyumba moja ina rehani mbili, na benki ya pili nayo lazima ikubali.

*Benki.* Omba, kwa idhini ya muuzaji, taarifa ya deni lilivyo leo. Riba huongezeka kila mwezi, kwa hiyo taarifa ya miezi 3 iliyopita haifai. Uliza pia kama kuna kesi mahakamani kati ya benki na mkopaji.

*Kaunti.* Ada za ardhi ambazo hazijalipwa hufuata kiwanja. Bila cheti cha kutodaiwa ada za ardhi kutoka kaunti, uhamisho unaweza kukwama. Uliza ofisi ya mapato kiasi kinachodaiwa, na ofisi ya mipango kama jengo liliidhinishwa na kama halijaingia kwenye hifadhi ya barabara. Ikiwa ardhi ni ya kukodishwa kutoka serikali, kagua pia kodi yake na miaka iliyobaki. Ikiwa ni shamba la kilimo lililo chini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, idhini ya bodi inahitajika, na maombi yapelekwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba.

*Mahali penyewe.* Nenda na mpima ardhi aliyesajiliwa athibitishe mipaka. Zungumza na wanaoishi humo. Je, ni wapangaji wenye mkataba? Ni familia ya mdaiwa? Kama ni nyumba ya ndoa, ridhaa ya mke au mume inahitajika kisheria, kwa kuweka rehani na kwa kuuza. Mwenzi ambaye hakuridhia anaweza kwenda mahakamani, na wewe utaingia kwenye kesi ambayo hukuianzisha.

Fedha zifuate karatasi

Katika uuzaji wa hiari, mkataba wa ardhi lazima uwe wa maandishi, utiwe saini na pande zote na ushuhudiwe. Tumia wakili wako mwenyewe, si yule wa muuzaji.

Usimpe mwenye nyumba malipo ya kwanza mkononi, hata kama anasema ni ya kutuliza benki. Malipo hayo, ambayo kwa kawaida ni asilimia 10, yakae kwa wakili kwa masharti yaliyoandikwa. Mkataba useme kwamba yatarudishwa benki ikikataa. Fedha za kulipa deni ziende moja kwa moja benki, ambayo nayo iahidi kwa maandishi kutoa hatimiliki na hati ya kufuta rehani. Msajili husajili kufutwa kwa rehani kwanza, kisha uhamisho kwa jina lako. Siku uhamisho unaposajiliwa ndipo unakuwa mmiliki. Siku ya kupewa funguo haitoshi.

Ukienda mnadani

Hakikisha dalali ana leseni ya Bodi ya Leseni za Madalali. Chukua masharti ya mnada uyasome kabla ya siku yenyewe. Mara nyingi mshindi hulipa asilimia 25 papo hapo na baki ndani ya siku 90. Akishindwa, anaweza kupoteza malipo ya kwanza. Kwa hiyo kama unategemea mkopo, pata kibali chake kabla ya kuinua mkono.

Sheria inaitaka benki ifanye tathmini kabla ya kuuza na itafute bei bora inayopatikana. Bei ikiwa chini ya thamani ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, benki huchukuliwa kuwa imekiuka wajibu huo mpaka ithibitishe vinginevyo. Katika mfano wetu, hiyo ni shilingi 4,500,000 au chini yake. Bei ya chini mno huweza kumpa mdaiwa sababu ya kwenda mahakamani.

Mnunuzi mwaminifu analindwa. Kama benki haikufuata utaratibu na wewe hukushiriki wala kujua udanganyifu, mdaiwa kwa kawaida hudai fidia kutoka kwa benki. Lakini ulinzi huo hauponyi hatimiliki iliyopatikana vibaya tangu mwanzo. Mwezi Aprili 2023, Mahakama ya Juu iliamua kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, kuhusu kiwanja cha Nyali kilichokuwa kimetengwa kuwa eneo wazi la umma. Kampuni ilikuwa imenunua na ilikuwa na hatimiliki. Mahakama ilisema kwamba kwa kuwa ugawaji wa kwanza haukufuata sheria, aliyenunua baadaye hakupata haki inayolindwa. Kwa hiyo upekuzi wa leo pekee hautoshi. Mwombe wakili wako afuatilie historia ya kiwanja mpaka mgao wa kwanza.

Maswali ya kujiuliza kabla ya kutia saini

1. Je, nina barua ya benki inayotaja kiasi cha kufuta rehani?
2. Je, upekuzi rasmi nimeufanya mwenyewe, na historia ya kiwanja naijua?
3. Je, kaunti imenithibitishia madeni ya ada na idhini za jengo?
4. Je, mwenzi wa muuzaji ameridhia, na wanaoishi humo watahama lini?
5. Je, fedha zangu ziko kwa wakili au benki, kwa masharti yaliyoandikwa?
6. Nikiongeza gharama zote, je, bei bado ni nafuu?

Jibu moja likiwa "hapana" au "sijui", subiri. Muuzaji mwenye haraka ana shida ya kweli, na huenda anapoteza nyumba aliyolelea watoto. Mtendee kwa utu na bei ya haki. Lakini haraka yake isiwe sababu ya kuweka akiba yako rehani pamoja na nyumba yake.