OILI YA INJINI: IBADILISHWE LINI, NA NI IPI?

Mhariri aliponiomba makala ya toleo hili nadhani alitarajia ngano au shairi, nami nimemletea oili. Msinicheke bado. Muhula wa pili nilikaa nyumbani wiki mbili na siku tatu kwa sababu ya oili, na huko nyumbani nikajifunza mambo ambayo hata waendeshaji wengi pale stendi hawayajui, ilhali injini ndiyo inayowalisha.

Kwanza neno lenyewe. Ukienda kituo cha petroli hapa Kakamega ukasema, "Niwekee mafuta," utawekewa petroli. Mama akisema mafuta yamekwisha, ni yale ya kupikia. Ya taa ni mafuta, na ya kujipaka ni mafuta. Ndiyo sababu makanika wetu husema "oili" kwa ile inayomiminwa ndani ya injini, nami nitafuata lugha yao. Mwalimu akipendelea "mafuta ya kulainishia mitambo" anisahihishe kwa kalamu nyekundu.

Sasa kisa. Kaka yangu ni mtu wa bodaboda. Kazi hii ilianzia huku huku magharibi, mpakani Busia na Malaba, wakati baiskeli zilipovusha abiria na mizigo kutoka mpaka huu hadi ule. Pikipiki zilikuja kujaa hasa baada ya mwaka 2008, serikali ilipoondoa ushuru wa VAT kwa zile ndogo. Kaka hubeba watu kutoka mjini hadi Khayega na Shinyalu, na siku ya mafahali kupigana huwa hapumziki tangu alfajiri. Pikipiki aliinunua kwa mkopo. Karo yangu ilitoka humo humo.

Kuhusu oili, kaka alikuwa na desturi moja tu: kuchungulia kijiti cha kupimia, akiona imepungua anaongeza kidogo. "Oili bado iko," ndiyo iliyokuwa kauli yake. Aliendelea hivyo miezi minne. Kisha rafiki yake mwenye gari dogo akampa mkebe uliobaki nusu, oili nyepesi ya bei ghali, nzuri kuitazama kama asali. Kaka alifurahi sana. Hazikupita siku nyingi, klachi ikaanza kuteleza. Akifika pale Ilesi, karibu na lile Jiwe Linalolia, injini inanguruma kama trekta lakini pikipiki yenyewe haipandi. Akakaza waya wa klachi, akaendelea na kazi. Jumamosi moja, akiwa na abiria na nusu gunia la mahindi, injini ililia ghafla ikashika, na gurudumu la nyuma likajifunga. Namshukuru Mungu hawakuumia.

Fundi aliyeifungua ni mzee wa jua kali ambaye ametengeneza injini tangu kabla hatujazaliwa. Nilikuwapo.

"Kijana, mara ya mwisho ulimwaga oili lini?"

"Huwa naongeza, mzee wangu."

"Sijakuuliza kuongeza. Nimekuuliza kumwaga."

Kaka alinyamaza. Mzee akachukua pistoni akaipitisha mbele ya macho yetu: imekwaruzwa kama ubao uliopitiwa na msumari. Beringi ya krenki nayo ilikuwa imekwisha. Gharama yote ilikuwa shilingi 14,500, na hizo ndizo zilizokuwa karo yangu.

Basi tuingie darasani. Kila mtu anajua kwamba oili hupunguza msuguano, maana tumeyasoma hayo katika fizikia. Lakini hiyo ni kazi moja tu. Oili pia hubeba joto kutoka kwenye pistoni, huziba nafasi ndogo kati ya ringi na silinda, huzuia kutu, na huosha. Hii ya kuosha ndiyo inayosahaulika. Ndani ya oili mna dawa zilizotiwa kiwandani: za kushikilia masizi yasigande, za kuua asidi, za kuzuia vyuma kulana. Dawa hizo huisha hata kama oili yenyewe haijapungua hata tone.

Kumbukeni kemia. Petroli ikiungua hutoa gesi ya kaboni na maji. Mengi ya maji hayo hutoka kwa ekzosi yakiwa mvuke, lakini kiasi fulani hupenya kwenye ringi na kushuka ndani ya oili pamoja na masizi na petroli isiyoungua. Injini ikipata moto vizuri, maji hayo huchemka yakatoka. Isipopata moto hubaki humo. Ongezeni vumbi la barabara zetu za murramu wakati wa kiangazi, linaloingia kama chujio cha hewa kimechakaa, nalo ni sawa na msasa. Kwa hiyo anayeongeza bila kumwaga anaongeza maji safi kwenye karai ambalo limeshaoshewa sufuria. Masizi, mchanga na asidi vyote vimo, ila sasa vina mgeni.

Je, rangi si itatuambia? Hapa hata mimi nilishangaa. Oili kuwa nyeusi si dalili kwamba imeharibika. Katika injini ya dizeli huwa nyeusi muda mfupi tu baada ya kubadilishwa, kwa kuwa inafanya kazi yake ya kubeba masizi. Oili ya kuogopwa ni ile yenye rangi ya chai ya maziwa: hiyo imeingiliwa na maji. Na ile inayonuka petroli na kuteleza vidoleni kama maji, hiyo nayo imekwisha. Zaidi ya hapo, jicho halitoshi. Kinachotosha ni hesabu.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Kila chombo kina kitabu chake, na humo kiwanda kimeandika kilomita. Tuseme, kwa mfano tu, kitabu kimeandika 3,000. Mwenye bodaboda anayekwenda kilomita 100 kwa siku atazimaliza katika siku 30. Lakini vitabu vingi vina ukurasa mwingine ambao watu hawaufikii: kwamba kazi ikiwa ngumu, yaani mizigo mizito, vumbi, milima, kusimama na kuanza kila mara, muda huo upunguzwe. Niambieni, ni bodaboda gani ya Kakamega isiyofanya kazi ngumu? Punguza kwa nusu, utapata wiki mbili. Kaka alikuwa amekaa miezi minne, kama kilomita 12,000, na oili ya pikipiki ni kama lita moja tu. Gari dogo hubeba lita tatu au nne na kugawana uchafu humo. Tena katika pikipiki nyingi lita hiyo moja hulainisha injini, gia na klachi kwa pamoja, na meno ya gia huikatakata oili mpaka ikapoteza uzito wake.

Mashine za kusaga mahindi hazina kilomita, kwa sababu haziendi popote. Hizo huhesabiwa kwa saa, kama trekta za miwa, ambazo huwa na saa maalumu inayohesabu muda injini inapozunguka. Ikiwa kitabu cha mashine kimesema saa 100, na mwenye posho mill anasaga saa 6 kwa siku, basi siku ya 17 amemaliza. Aandike chaki ukutani. Shangazi yangu hufanya hivyo, na mashine yake ni ya zamani kuliko mimi.

Kuna kundi la tatu, na hapa naomba radhi kwa walimu. Gari linalotoka nyumba za walimu hadi mjini na kurudi, na Jumapili kanisani, laweza kumaliza mwaka mzima halijafikisha kilomita zilizoandikwa. Mwenyewe hujisifu kwamba gari lake halichoki. Kumbe safari hizo fupi ndizo mbaya, maana injini haipati moto wa kutosha wa kuchemsha yale maji tuliyoyataja. Ndiyo sababu vitabu huandika kilomita au miezi, kitakachotangulia.

Tuje kwenye swali la pili: oili ipi? Mkebe umejaa maandishi, na mengi ni ya kujisifu. Yanayohitajika ni machache. Kuna namba kama 20W-50. Hizo ni za wahandisi wa SAE wa Marekani. Herufi W inatokana na neno la Kiingereza la majira ya baridi, na namba iliyo mbele yake hueleza oili inavyotembea wakati wa baridi; namba ya mwisho hueleza uzito wake injini ikiwa moto, kipimo kikichukuliwa kwenye nyuzi 100. Oili ya 20W hujaribiwa kwenye baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri. Kakamega, hata asubuhi ile ya Julai tunayotetemeka kwa gwaride, haikaribii huko. Ndiyo maana 20W-50 imezoeleka kwetu bila matatizo, na kitabu cha pikipiki ya kaka kinaitaja hiyo hiyo.

Lakini msichukue hilo kuwa sheria ya vyombo vyote. Magari madogo kutoka Japani yaliyojaa barabarani sasa, mengi yameandikiwa 5W-30, na ya karibuni zaidi 0W-20. Njia za oili ndani ya injini hizo ni nyembamba. Makanika anayewatilia wote 20W-50 kwa sababu "hii ni nzito, inashika vizuri" anachelewesha oili kufika juu ya injini kila asubuhi, na petroli inaliwa zaidi.

Kuna pia herufi za API, Taasisi ya Petroli ya Marekani. Zikianza na S ni za injini za petroli, na C ni za dizeli. Herufi ya pili husonga mbele kwa alfabeti kadiri oili inavyoboreshwa: SF ni ya zamani, SL na SN zilifuata, na SP ilianza mwaka 2020. API wenyewe wanasema SF haifai kwa injini nyingi za magari zilizotengenezwa baada ya 1988. Kwa hiyo mkebe wa bei rahisi wenye SF si lazima uwe bandia. Ni mzee tu, amestaafu.

Na lile kosa la nusu mkebe? Hili lilinichukua jioni nzima kulielewa. Oili nyingi nyepesi za magari hutiwa dawa ya kuongeza utelezi ili gari lile petroli kidogo. Klachi ya gari hukaa pakavu, haiguswi na oili hiyo. Klachi ya pikipiki nyingi huogelea ndani ya oili ile ile ya injini, na kazi yake ni kushikana. Ukiitelezesha, inateleza! Kwa ajili hiyo, tangu 1998 Wajapani wana alama yao ya oili za pikipiki, JASO, na yenye herufi MA ndiyo inayoifaa klachi ya namna hiyo. Oili aliyopewa kaka haikuwa mbaya. Ilikuwa ya mwenyewe.

Oili bandia pia zipo. Tazameni kifuniko kama kimefunguliwa, na alama ya ubora ya KEBS: namba iliyo chini ya alama hiyo inaweza kutumwa kwa ujumbe wa simu kwenda 20023, nao watajibu imepewa nani na kwa bidhaa gani. Mkebe ukiisha utoboeni, usije ukajazwa upya na wajanja.

Kumwaga kwenyewe si kazi kubwa. Injini iwashwe kidogo ipate joto ili uchafu uelee, izimwe, chombo kisimame pa tambarare, nati ya chini ifunguliwe. Chujio kioshwe au kibadilishwe. Nati isikazwe kwa hasira, maana uzi wa alumini hukatika upesi. Msijaze kupita alama pia: oili ikizidi hupigwa mpaka ikatoa povu, na povu halilainishi.

Oili chafu inakwenda wapi? Wengi hupaka nguzo za ua ili mchwa wasile, na nyingine humwagwa tu mtaroni. Mtaro wa mjini huishia Isiukhu, Isiukhu huingia Nzoia, na Nzoia huingia Ziwa Viktoria. Njiani mna watu wanaochota maji. Tuiweke katika mtungi wenye kifuniko, tuwapelekee wanaoikusanya.

Injini iliposhonwa upya, mzee alimwagiza kaka amwage oili ya kwanza baada ya kilomita 500 tu, kwa sababu vyuma vipya huachana na chembe vinapozoeana. Kaka aliniangalia mimi. Nikachana kurasa kumi katikati ya daftari langu la hesabu, nikazifunga kwa uzi, tukazitia katika mfuko wa plastiki chini ya kiti. Mistari mitatu ya kwanza ni mwandiko wangu. Wa nne, wa Jumamosi iliyopita, ni wake: tarehe, kilomita, "lita moja, MA, nimemwaga yote."