Kuchagua Mfumo wa Kuendeshea Tovuti ya Shule

Shule inapoamua kuwa na tovuti, mara nyingi kazi hiyo hukabidhiwa mwalimu kijana aliyetoka chuoni karibuni. Hatuna budi, basi, kujiandaa mapema.

Mfumo wa kusimamia maudhui ni programu inayotenganisha maandishi ya kurasa na umbo lake. Maandishi huwekwa katika hifadhidata, umbo hukaa katika violezo, na programu huviunganisha msomaji anapofungua ukurasa. Hivyo mwalimu asiyejua kuunda programu aweza kutoa tangazo kama aandikavyo barua.

Mifumo mitatu yajulikana sana: Drupal (2001), WordPress (2003) na Joomla (2005). Yote ni programu huria, wala leseni zake hazilipiwi. Lakini jina la tovuti na nafasi katika seva kwa kawaida hulipiwa. WordPress humwelea upesi anayeanza. Drupal yafaa taasisi yenye kurasa nyingi za aina mbalimbali, nayo huhitaji fundi. Joomla ipo katikati.

Hata hivyo, mfumo usichaguliwe kwa uzuri wa sura, bali kwa kumtazama atakayeutunza. Mwalimu huhamishwa, tovuti hubaki. Akiondoka na nywila, wazazi watasoma tarehe za muhula uliopita, na hapana atakayeweza kuzisahihisha. Kwa hiyo tujiulize:

(a) Je, walimu wengine wawili wa shule hiyo waweza kuutumia baada ya kufundishwa siku moja?

(b) Je, bado unarekebishwa kwa ajili ya usalama? Drupal 7, iliyotolewa mwaka 2011, iliachwa na waundaji wake Januari 2025. Mfumo usiorekebishwa ni mlango usio na komeo.

(c) Je, maandishi na picha zetu zaweza kutolewa na kuhamishiwa mfumo mwingine?

(d) Je, kurasa hufunguka upesi katika simu ya mzazi, hata mtandao ukiwa hafifu?

Nywila ya msimamizi ihifadhiwe na mwalimu mkuu pia, na nakala ya akiba iwekwe nje ya seva.

Zoezi: Orodhesha matangazo yaliyotolewa na shule yako ya mazoezi muhula huu, na aliyeandika kila moja. Kisha chagua mfumo, na ueleze sababu zako. Ukiona kwamba ubao wa matangazo unatosha, hilo nalo ni jibu.