Wa Pili Naye Ana Kiti: Serikali ya Pamoja ya Zanzibar

SOMO LA KUJADILIANA KATIKA VIKUNDI

Tuseme kikundi chenu cha maji kina watu wa vijiji viwili, cha juu na cha chini. Mnafanya uchaguzi. Kijiji cha juu kinapata kura 51, cha chini kura 49. Basi mwenyekiti anatoka juu, katibu juu, mweka hazina juu, hata yule anayeshika ufunguo wa tangi ni wa huko huko juu. Mwaka ukiisha, watu wa chini hawatoi tena mchango. Halafu asubuhi moja mnakuta bomba limekatwa. Nani amekata? Hakuna anayejua, na kila mtu anajua.

Jambo hili lilitokea Zanzibar, kwa kiasi kikubwa zaidi na kwa damu. Zanzibar ni sehemu ya Tanzania, lakini ina rais wake, mawaziri wake na Baraza la Wawakilishi lake. Katika uchaguzi wa 1995, Salmin Amour wa CCM alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.2 hivi. Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF alipewa asilimia 49.8. Karibu nusu kwa nusu! Lakini serikali yote ilikwenda upande mmoja. Vyama hivyo viliandikiana muafaka mwaka 1999, ukavunjika. Mwezi wa Januari 2001, baada ya uchaguzi mwingine uliobishaniwa, watu waliandamana na polisi wakafyatua risasi. Zaidi ya watu 30 waliuawa, wengi wao Pemba. Watu wapatao 2,000 walipanda vyombo wakavuka bahari mpaka Shimoni, hapa kwetu Kenya. Wazee wa pwani ya kusini bado wanawakumbuka wale wageni. Muafaka wa pili uliandikwa mwaka huo huo wa 2001, na huo pia haukuleta serikali ya pamoja.

Kilichobadilisha mambo ni mkutano wa Novemba 2009 kati ya Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif. Walikaa wakazungumza, na safari hii hawakuishia kupeana mikono. Tarehe 31 Julai 2010 wananchi wenyewe waliulizwa kwa kura ya maoni: mnataka serikali ya umoja wa kitaifa, ndiyo au hapana? Asilimia 66 walisema ndiyo. Kanuni ikaingia katika Katiba kabla ya uchaguzi wa Oktoba.

Hapo tusimame kidogo. Sisi Kenya tulipata nusu mkate mwaka 2008, lakini tuliukata baada ya nyumba kuungua. Mwai Kibaki na Raila Odinga walitia sahihi Februari 28, na mpango ule ukaisha na uchaguzi wa 2013. Zanzibar mkate uligawiwa kabla ya kujulikana nani atashinda. Mtu akikata mkate hajui kipande chake ni kipi, atajaribu kukata sawasawa.

Sasa serikali hiyo inaundwaje? Rais ni yule aliyeshinda. Chama kilichokuwa cha pili katika kura za urais kinatoa Makamu wa Kwanza wa Rais. Makamu wa Pili anatoka chama cha Rais mwenyewe, na huyu ndiye kiongozi wa shughuli za serikali katika Baraza. Mawaziri wanateuliwa na Rais baada ya kushauriana na Makamu wa Kwanza, kufuatana na viti vya kila chama Barazani. Mwaka 2010 CCM ilipata majimbo 28 na CUF 22, katika majimbo 50. Kwa hesabu ya kawaida, kama kuna wizara kumi, sita huku na nne kule. CUF ilishinda majimbo yote 18 ya Pemba, kwa hiyo mtu wa Pemba aliyeipigia kura chama hicho tangu 1995 aliona waziri wa chama chake kwa mara ya kwanza. Ali Mohamed Shein akawa Rais, Maalim Seif Makamu wa Kwanza, na Seif Ali Iddi Makamu wa Pili.

Lakini tusidanganyane. Kiti si ufunguo. Makamu wa Kwanza anamshauri Rais, na ushauri waweza kusikilizwa au kuachwa. Anayemteua waziri na kumwachisha kazi ni Rais.

Na kanuni ilikuwa na tundu. Oktoba 2015 mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, Jecha Salim Jecha, alifuta uchaguzi mzima. Ulirudiwa Machi 2016, CUF wakakataa kushiriki, na Shein akatangazwa kwa asilimia 91. Wa pili alikuwa nani basi? Hakuna aliyefika asilimia kumi inayotakiwa, na majimbo yote yalikwenda CCM. Rais aliwaita mawaziri watatu kutoka vyama vidogo, lakini kiti cha Makamu wa Kwanza kilikaa kitupu miaka minne. Katiba haikuvunjwa. Ilikosa tu mtu wa kumpa.

Mwaka 2020 Hussein Mwinyi alitangazwa kwa asilimia 76 na Maalim Seif, sasa akiwa ACT-Wazalendo, kwa karibu 20. Chama chake kililalamikia sana uchaguzi ule. Hata hivyo Mwinyi alipotangaza mawaziri aliacha wizara mbili wazi kwa ajili ya upinzani, na Desemba Maalim Seif akaapishwa tena. Alifariki Februari 2021, na mwezi uliofuata chama chake kikatoa mwingine, Othman Masoud Othman. Mtu alikufa, kiti kikabaki. Mapatano ya watu wawili tu yangezikwa pamoja naye.

Kwa mkutano wenu ujao: leteni katiba ya kikundi, ile iliyopelekwa kwa ofisi ya maendeleo ya jamii. Katibu asome kwa sauti sehemu ya uchaguzi. Je, inasema lolote juu ya waliopata kura chache? Kama inawapa kiti, kiti hicho kina kazi gani, na sahihi ya nani inatakiwa benki? Na upande mmoja ukisusia uchaguzi, imeandikwa nini? Ulizeni pia nani anashika ufunguo wa tangi.