Kumtumaini Mungu Siku za Ukata



Leo tuzungumzie fedha, na hasa siku ambazo fedha haipo.

Sisi wa visiwa vya Lamu tumezoea ukata wa majira. Kusi ikivuma, tangu Aprili hivi hadi Septemba, bahari huchafuka, vyombo vidogo haviendi mbali, na kipato cha mvuvi hupungua. Lakini kusi twaijua, na mwenye busara hujiwekea akiba mapema. Mwaka 2020 ulituletea ukata usio na majira. Tarehe 25 Machi Serikali ilisimamisha ndege za abiria kutoka nchi za nje kwa sababu ya korona, na hazikuruhusiwa tena hadi tarehe 1 Agosti. Watalii wakakosekana, na kazi nyingi zikakwisha.

Nami nilikuwa mtunza stoo katika nyumba moja ya wageni. Nikaambiwa nikae nyumbani, bila mshahara. Mimi katekista, niliyekuwa nikiwafundisha wachumba kuambiana kweli, sikumwambia mke wangu. Kila asubuhi nilitoka kama mtu aendaye kazini, nikashinda ufukoni. Unga na mafuta nikakopa dukani. Akiniuliza, “Baba watoto, huko kazini kwaendaje?” nilimjibu, “Usihofu, Mungu atatoa.”

Maneno hayo ni ya imani, lakini mimi niliyatumia kuficha aibu yangu.

Baada ya wiki sita mwenye duka alimweleza habari za deni. Jioni ile mke wangu hakupiga kelele. Alisema tu, “Ukata ningeuvumilia. Lakini umenifanya mgeni nyumbani mwangu.”

Ndugu zangu, someni Kitabu cha Tobiti, sura ya 2. Tobiti, mtu mcha Mungu, alipofuka macho akaishiwa. Mkewe Ana akafanya kazi ya kufuma, na siku moja waliomwajiri wakamwongezea mwana-mbuzi. Tobiti hakumwamini mkewe. Alidhani mbuzi ameibwa, wakagombana. Umaskini uliingia, ukafuatwa na shaka. Lakini katika sura ya 4 Tobiti alimwita mwanawe Tobia, akamfunulia habari za fedha aliyoiweka amana mbali, katika nchi ya Media. Katika safari ya kuifuata fedha hiyo Malaika Rafaeli aliandamana na kijana, na nyongo ya samaki ikawa dawa ya macho ya baba yake. Msaada wa Mungu ulikuja kwa njia iliyofunguka Tobiti aliposema kweli juu ya mali yake.

Nasi tulifanya hivi:

1. Tulifungua daftari. Kila Jumapili jioni tuliandika kilichoingia, tunachodaiwa, na kisichoweza kungoja. Chakula na dawa vilitangulia.

2. Tulimwendea mdai pamoja. Mwenye duka ni jirani yetu Mwislamu. Tulipomweleza hali yetu, alikubali tulipe kidogo kidogo.

3. Tuligawana kazi bila kuona haya. Mke wangu aliuza mahamri. Mimi nilikanda unga alfajiri, kisha nikatafuta vibarua vya ujenzi.

4. Tulisali baada ya hesabu, daftari likiwa wazi mbele yetu. Tulimtajia Mungu deni kwa kiasi chake.

Fedha haikuanguka kutoka mbinguni. Ndege zilirudi Agosti lakini wageni wakachelewa, na deni lile tulimaliza mwaka 2021. Hofu haikwisha siku moja, ila hakuna aliyekesha nayo peke yake. Siku ya Sakramenti ya Ndoa tuliahidiana uaminifu katika dhiki pia, na dhiki iliyofichwa mwenzako hawezi kukusaidia kuibeba.

Basi, mume usiseme “Mungu atatoa” ili kumnyamazisha mkeo. Na mke, mumeo akikufunulia deni, usimdhihaki mbele ya watoto; amefanya jambo gumu.

Maswali ya kuzungumza ninyi wawili:

– Je, kuna deni au akiba ambayo mwenzangu haijui? Kwa nini nimeificha?
– Ni siku gani ya juma tutakaa na daftari?
– Ni nani tunayepaswa kumwendea pamoja?

Ee Bwana, utujalie kusema kweli sisi kwa sisi, nasi tutaiona riziki yako. Amina.