Tukisema "Nina Stresi" Tunamaanisha Nini Hasa?

Ukitaka kujua kwamba UE imekaribia, huna haja ya kwenda kusoma ratiba kwenye ubao wa matangazo. Kaa tu kwenye foleni ya kafeteria usikilize. Bumu halijaingia, stresi. Madesa yamefika kurasa mia nne na mhadhiri kasema "chochote kinatoka", stresi. Mpenzi kaiona meseji na hajajibu tangu jana, stresi. Na kuna yule mwingine ambaye wiki ya tatu sasa haingii vipindi, hafui, haongei na mtu chumbani; naye ukimuuliza anatoa jibu lilelile: "Stresi tu, mwanangu, itapita."

Neno hili tumelibebesha mzigo wa vitu vitatu ambavyo havifanani: mwili kuamka kwa sababu kuna jambo mbele yako, msongo uliokaa muda mrefu mpaka unakula akiba yako, na ugonjwa. Kwa kuwa jina ni moja, ushauri nao umekuwa mmoja: kaza, pambana. Sasa ushauri huo unamfaa wa kwanza, unamchosha wa pili, na wa tatu unamuumiza kabisa. Sisi wa ualimu tulipewa zana za kutofautisha haya mapema tu kwenye saikolojia ya elimu, ila nadhani wengi tuliziacha kwenye karatasi ya mtihani. Ngoja tuzirudie.

Tuanze na mwili. Mwaka 1915 mwanafiziolojia wa Marekani, Walter Cannon, alichapisha kitabu kuhusu yanayotokea mwilini wakati wa maumivu, njaa, hofu na hasira. Ubongo ukihisi hatari, mishipa ya fahamu huziamsha tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo, nazo humwaga adrenalini kwenye damu. Moyo unakwenda mbio, ini linatoa sukari, damu inaelekea kwenye misuli mikubwa, mate yanakauka. Mwili unajiandaa kupigana au kukimbia. Tatizo ni kwamba kwenye chumba cha mtihani hakuna wa kupigana naye, na ukikimbia unajikuta na sapu. Hata ile foleni ya chooni dakika kumi kabla ya mlango kufunguliwa ina maelezo yake: wakati wa hofu tumbo hupunguza kazi ya kusaga chakula, lakini utumbo mpana huongeza kasi. Hujalogwa, wala wewe si mwoga kuliko wenzako.

Je, kuamka huku kwa mwili ni kubaya? Hapa ndipo kuna jaribio ambalo kila mtu amelikariri na wachache wamelielewa. Mwaka 1908 Robert Yerkes na John Dodson waliwafundisha panya kuchagua kati ya kisanduku cheupe na cheusi. Panya akikosea, anapigwa shoti ya umeme. Madesa yetu mengi yana ule mchoro wa kilima: msukumo ukiwa mdogo unafanya vibaya, ukiwa wa kati unafanya vizuri, ukizidi unaharibu. Lakini matokeo yao yenyewe yalikuwa na kitu cha ziada ambacho mchoro unakificha. Kazi ilipokuwa rahisi, shoti kali ilisaidia panya kujifunza haraka. Kilima kilijitokeza pale kazi ilipokuwa ngumu, yaani tofauti ya mwanga kati ya visanduku ilipokuwa ndogo. Kwa hiyo shinikizo si zuri wala baya lenyewe, inategemea na kazi. Usiku wa mwisho, moyo ukidunda, unaweza kabisa kukariri fasili sita za Bloom. Usitegemee usiku huohuo ukufundishe kutatua swali la takwimu ambalo hujawahi kuligusa muhula mzima. (Tahadhari kidogo: panya si wanachuo. Lakini kama wewe ni mtu wa "zimamoto", unajua ninachokisema.)

Halafu kuna suala la jina unaloupa huo mdundo wa moyo. Stanley Schachter na Jerome Singer walitoa hoja mwaka 1962 kwamba mhemko una sehemu mbili: mwili ulioamka, na maelezo unayojipa kuhusu kwa nini umeamka. Jaribio lao limekosolewa sana baadaye, ila wazo limezaa matunda. Mwaka 2014 Alison Wood Brooks, mtafiti wa Marekani, alionyesha kwamba watu waliojiambia kuwa wana hamasa kabla ya kuhutubia au kufanya hesabu walifanya vizuri kuliko waliojiambia watulie. Ukifikiria, inaeleweka. Kutoka hofu kwenda utulivu lazima moyo upunguze mbio, na moyo hauamrishwi. Kutoka hofu kwenda hamasa moyo unabaki palepale, unachobadilisha ni maelezo. Kwa presenteshini ya dakika kumi hilo linatosha, na "kaza" hapo ni ushauri sahihi.

Cha pili ni kitu kingine. Hans Selye, mzaliwa wa Vienna aliyefanya kazi Montreal, Kanada, alikuwa akitafuta homoni mpya. Akawa anawachoma panya sindano za dondoo za viungo. Akakuta kwamba haijalishi anawachoma nini, wanaishia na mambo yaleyale matatu: tezi za adrenali zimevimba, tezi za kinga zimesinyaa, na tumbo lina vidonda. Akajaribu baridi, akajaribu kuwachosha kwa mazoezi, matokeo yakawa hayohayo. Mwaka 1936 aliandika ripoti fupi kwenye jarida la Nature akieleza hatua tatu. Kwanza mwili unashtuka. Kisha unahimili, na hapa mtu kwa nje anaonekana yuko fiti kabisa. Mwisho akiba inaisha na mwili unachoka.

Hatua ya pili ndiyo inayotudanganya kampasi. Mtu anakesha siku nne, anakunywa kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu, mlo mmoja kwa siku kwa sababu bumu limekatika, na bado anatembea, anacheka, anatuma vichekesho kwenye grupu la darasa. Tunamsifia kuwa ni kichwa. Kumbe anaishi kwa mkopo, na si wa Bodi. Isitoshe, usingizi wenyewe ndio wakati ubongo unapoyaimarisha uliyoyasoma mchana. Anayekesha ili asome zaidi anaupunguzia ubongo muda wa kuyahifadhi aliyoyasoma.

Lakini mbona wawili wakipata shida moja, mmoja anavunjika na mwingine anaendelea? Richard Lazarus na Susan Folkman, kwenye kitabu chao cha mwaka 1984, walisema msongo haukai kwenye tukio wala haukai kwa mtu. Unakaa katikati, kwenye maswali mawili ambayo akili hujiuliza haraka sana: hili linanitishia nini? Na nina nini cha kukabiliana nalo? Chukua bumu kuchelewa wiki tatu. Wa kwanza ana mjomba mjini, anapiga simu, anatumiwa elfu hamsini. Wa pili kwao wanasubiri yeye ndiye atume, maana mdogo wake yuko kidato cha nne na mama anauza mbogamboga. Tukio ni lilelile, mizani ni tofauti. Kumwambia huyu wa pili "mbona sisi wote tunasubiri bumu, wewe una nini?" ni kutojua saikolojia na, kwa kweli, ni kutojua maisha.

Kinachotokana na nadharia hii ni kwamba msongo wa aina hii haupungui kwa kukaza. Unapungua ama tishio likipungua, ama uwezo ukiongezeka. Mpango wa malipo kwa mtu wa stationari, kundi la kusoma pamoja, sahani moja ya wali inayoliwa na wawili: hizo ndizo tiba zake, hata kama hazionekani za kisomi.

Sasa cha tatu, ambacho ndicho kilichonifanya niandike.

Watu wengi wanadhani ugonjwa wa akili ni yule anayeokota makopo barabarani, na kwamba ukitajwa hospitali unapelekwa Mirembe. Utani wa Mirembe tunautania kila siku. Lakini utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2005 ulikuta kwamba robo tatu ya matatizo ya afya ya akili huwa yameshaanza mtu akifika miaka 24. Hesabu umri wako. Huu ndio umri wenyewe, na sisi tuko mbali na nyumbani, tunalala sita chumba kimoja na hatufahamiani.

Sonona ndiyo inayofichwa zaidi na neno stresi. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, toleo la 2013, unataja dalili tisa. Ili iitwe sonona lazima ziwepo angalau tano, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, na mojawapo iwe huzuni nzito au kupoteza raha kwenye mambo uliyokuwa ukiyapenda. Nyingine ni usingizi kuvurugika (kukosa au kuzidi), hamu ya kula kubadilika, uchovu, kushindwa kutuliza akili, mwili kuwa mzito au kuhangaika, kujiona hufai, na mawazo ya kifo. Mimi si daktari na orodha hii si ya kumpimia mtu kitandani kwake. Naitaja kwa sababu ya ile dalili ya kupoteza raha. Asiye na mudi ya kusoma lakini mechi ya Simba na Yanga inamtoa kitandani, huyo huenda amekosa motisha ya kozi tu, na hilo ni jambo la kuongea na mshauri wa masomo. Ila shabiki wa kufa aliyeacha hata kuuliza matokeo, huyo mtazame mara mbili.

Kuna anayesema "hata nikisoma nitafeli tu", nasi tunamwita mvivu. Mwaka 1967 Martin Seligman na Steven Maier walieleza jinsi mbwa waliopigwa shoti wasizoweza kuzizuia walivyokuja kulala chini wakivumilia hata pale walipoweza kuruka kizuizi kifupi wakaokoka. Waliita hali hiyo kujifunza kukata tamaa. Kilichonivutia ni kwamba mwaka 2016 watafiti haohao, baada ya kuangalia ubongo, waliigeuza nadharia yao wenyewe: kulegea mbele ya mateso ya muda mrefu ndiyo hali ya asili, na kinachojifunzwa ni kwamba unaweza kufanya kitu kikaleta tofauti. Kwa mwalimu hii inabadilisha kila kitu. Nikiwa BTP nilikuwa na wanafunzi wa kidato cha pili wanaokaa nyuma wasioandika chochote. Kelele hazikuwafundisha uwezo wao. Swali dogo wanaloliweza, likasahihishwa siku hiyohiyo, angalau liliwafanya wafungue daftari.

Wasiwasi uliopitiliza nao unastahili sentensi mbili. Mtu anaweza kushikwa ghafla na moyo kudunda, kifua kubana, mikono kufa ganzi, akaamini anakufa. Hufika kileleni ndani ya dakika chache kisha hushuka, na akifika zahanati vipimo vya moyo vinaonyesha mzima. Akiambiwa "huna kitu", anarudi na hofu mbili badala ya moja.

Ukiona mwenzako yuko hapa, ufanye nini? Harare, Zimbabwe, wana jibu moja zuri. Kwa Kishona kuna neno kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi, karibu sawa na sisi tunaposema mtu "ana mawazo". Daktari wa akili Dixon Chibanda aliwafundisha wanawake watu wazima, wengi wao bibi, kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasikiliza watu wenye mawazo. Bibi hatoi hotuba. Anamsikiliza mtu, wanaorodhesha shida zake, wanachagua moja tu, wanapanga hatua ya kuichukua wiki hii. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016, lenye watu 573 katika kliniki 24, lilionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa kwenye benchi walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Waliosaidia hawakuwa na digrii. Walikuwa na mafunzo, muda na masikio.

Wewe hujapata mafunzo yao, kwa hiyo usijifanye mganga. Lakini unaweza kukaa kitandani kwake ukauliza, "Siku hizi unalala? Unakula?" Na kama maneno yake yanakutia shaka, uliza moja kwa moja kama anawaza kujiua. Wengi tunaogopa kwamba kuuliza ni kumpa wazo. Tafiti hazionyeshi hivyo. Mara nyingi mtu anapumua kwamba hatimaye kuna aliyethubutu kusikia. Akisema ndiyo, usimwache peke yake na usikubali kuwekwa siri hiyo. Mpeleke hospitali ya chuo usiku huohuo, au mpigie mlezi wa bweni.

Kama si dharura, ofisi ya mshauri wa wanafunzi iko chini ya mlezi wa wanachuo na hailipiwi. Msindikize mara ya kwanza, maana kuugonga ule mlango peke yako ni kazi. Na muulize mapema kuhusu kuahirisha mitihani au mwaka. Vyuo vingi vina utaratibu huo kwa sababu za kiafya, na afya ya akili ni afya, ila wanataka barua ya daktari kabla ya mtihani. Ukiingia, ukafeli, halafu ndipo ukaenda hospitali, karatasi yako itasomwa kama ya mtu mwingine yeyote aliyepata sapu.