Moteri ya zamani ikikataa kuwaka alfajiri: fundi anajibu

Kati ya Butembo, Beni na mpaka wa Kasindi, moteri za zamani bado zinabeba kazi nzito: malori ya Mercedes-Benz, Land Rover za Series III, mashine za kusagia muhogo zinazowashwa kwa manivela. Haya ni maswali yanayoletwa gereji mara kwa mara.

Lori langu likilala Beni linawaka mara moja. Likilala Butembo, alfajiri linasumbua mpaka tulisukume. Kwa nini?

Hewa nyepesi na baridi vinakutana saa ileile. Moteri ya mazutu haihitaji cheche. Pistoni inabana hewa mpaka ipate moto mkali, kisha injekteri inanyunyiza mazutu humo na kuwaka yenyewe. Sasa, Butembo iko juu ya mita 1,700, na Beni iko chini yake kwa zaidi ya mita 500. Hewa ya Butembo ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya tano, na alfajiri kipimo cha joto kinaweza kushuka chini ya digrii 15. Moteri nzima inayavumilia hayo. Ile ambayo ringi zake zimeliwa na valvu hazifungi sawasawa ilikuwa inawaka Beni kwa kubahatisha tu. Usiulaumu mlima, ndugu dereva. Umekuonyesha ubovu ambao tayari ulikuwepo.

Kabla ya kufungua moteri, pima nafasi za valvu. Valvu iliyokazwa mno haikai vizuri kwenye kiti chake, na kompresheni inavuja. Kisha sikiliza demarere. Ikizunguka kwa uvivu, hewa inatoroka kabla haijapata moto. Batri ya volti 12 isishuke chini ya 9.6 hivi demarere inapovuta. Kwa lori la volti 24, zidisha mara mbili. Ukishajaribu kuwasha, pitisha mkono kwenye vichwa vya nyaya. Panapochoma ndipo umeme unapopotelea. Waya wa masi, unaounganisha moteri na shasi, husahaulika kuliko zote, na mara nyingi dawa yake ni kuufungua, kuusugua kutu na kuukaza tena.

Nitajuaje kama shida ni mazutu au ni kompresheni?

Msimamishe mtu nyuma atazame bomba la moshi wakati demarere inazunguka. Pasipotoka moshi wowote, mazutu hayafiki. Moshi mweupe maana yake yanafika lakini hayawaki: moteri ni baridi, kompresheni ni dhaifu, au pampu inachelewa kupiga. Moshi mweusi mzito unadai hewa, kwa hiyo toa filtri ya hewa uitazame; vumbi la barabara zetu huiziba upesi. Mimi siruhusu injekteri hata moja ifunguliwe kabla ya kutazama moshi, kwa sababu wenye magari wamelipia injekteri nyingi zisizokuwa na kosa.

Kila asubuhi lazima nipige pampu ya mkono ndipo liwake. Likishawaka halisumbui tena mchana kutwa.

Hewa inaingia usiku na mazutu yanarudi kwenye tanki. Kagua mipira iliyopasuka, washa za shaba zilizotumika mara nyingi, na kifuniko cha filtri. Tundu linalovuta hewa huenda lisidondoshe hata tone, kwa hiyo pakavu pasikudanganye. Funga kipande cha mpira unaoonyesha ndani kabla ya pampu: utayaona mapovu ya hewa yakipita. Ukishaziba, legeza skrubu ya kutolea hewa, piga pampu ya mkono mpaka mazutu yatoke bila povu, kisha kaza huku yakiendelea kutoka.

Land Rover yangu ya mazutu ina buji za kupasha joto, lakini hazipashi.

Kwenye Land Rover nyingi za zamani buji hizo nne zimeunganishwa kwa mfuatano, hivyo moja ikikatika zote zinalala. Washa umeme wake, chukua taa ya kupimia, gusa kila buji kuanzia upande umeme unakoingia. Unapovuka buji na taa ikazimika, hiyo ndiyo mbovu. Lori la Mercedes lenye moteri ya OM 352 halina buji hizi kwenye silinda, basi usiamke kuzitafuta.

Na mazutu ya bidoni za kando ya barabara?

Yajaze kwenye chupa inayoonyesha ndani, yalale usiku mmoja. Maji na uchafu vitashuka chini. Mwaga maji ya filtri kila wiki, na mara nyingi zaidi wakati wa mvua.

Gari langu ni la esansi, na kila nikivuta choki linazama.

Mlimani hewa ni kidogo, hivyo karburateri iliyopangwa kwa pwani tayari inatoa esansi nyingi. Punguza choki. Toa buji: zikiwa zimelowa, zikaushe, kisha safisha platine na urudishe nafasi yake karibu milimita 0.4, au kama kitabu cha gari kinavyosema.

Mashine yangu ya kusagia muhogo haiwaki asubuhi. Vijana huwasha kitambaa chenye mazutu mbele ya tundu la hewa. Ni sawa?

Hapana, mama. Pale pana bidoni, pana unga, pana watu. Dawa ya kuwashia inayopulizwa kwenye tundu la hewa nayo inaweza kuvunja ringi, na kwenye moteri yenye buji za joto inaweza kulipuka usoni. Achia kompresheni kwa kiwiko chake, zungusha manivela mpaka gurudumu zito lishike mwendo, kisha rudisha kiwiko. Kidole gumba kikae upande mmoja na vingine, maana manivela ikirudi nyuma huvunja mkono. Isipowaka hivyo, na mazutu yanafika, huenda kompresheni imekwisha na ringi zinakudai.

Kwa madereva wa Kasindi nina ombi moja. Kwenye barabara ya kwenda Kasindi wasafiri wameuawa katika mashambulizi, na lori lililozimika halichagui mahali pa kusimama. Jaribuni kuwasha lori likiwa limepoa kabisa, siku moja kabla ya kupakia, mkiwa bado karibu na fundi.