Katuni za Zamani na za Sasa: Nani Ameketi na Mtoto?

Somo la toleo hili tumelitoa kwenu wenyewe. Tukitembelea vikundi huku Ijara, kuanzia Masalani mpaka upande wa Hulugho, tunakuta mahali pengine kikundi kimejinunulia sola, betri na televisheni ili kupata shilingi mbili tatu kwa kuchaji simu na kuonyesha mpira. Hiyo ni kazi nzuri. Lakini mchana mpira hakuna. Watoto wanajaa mlangoni, na kijana anayelinda mashine anawawekea katuni kutoka kwa flashi ili wanyamaze. Hapo ndipo swali linaanza. Akina mama wanauliza, hizi katuni zinafundisha ama zinaharibu? Wazee wengine wanasema za zamani zilikuwa bora, hizi za sasa ni kelele tu.

Hebu tuziangalie zote mbili, za zamani na za sasa, kabla ya kusema mkutanoni kwamba hii iwekwe na ile itolewe.

Kwanza tukumbuke kwamba kwa mtoto wa miaka sita hakuna katuni ya zamani. Yote ni mpya. Yule paka na panya, Tom na Jerry, ambao watoto wa Masalani wanawacheka leo, walichorwa mara ya kwanza mwaka 1940 huko Marekani na mabwana wawili, William Hanna na Joseph Barbera. Wakati huo televisheni ilikuwa bado haijaingia nyumbani kwa watu. Picha hizo fupi, za kama dakika saba hivi, zilionyeshwa sinema kabla ya picha kubwa, na watu wazima waliokuwa wamelipa kiingilio walicheka pamoja na watoto. Kwa hiyo mkishangaa kwa nini kuna kupigana kila dakika, nyundo kichwani, mkia kwa moto, jueni kwamba aliyechora hakuwa na mtoto wenu akilini. Alitaka ukumbi mzima ucheke. Na kwa vile hawasemi sana, zinaeleweka kwa Kisomali, kwa Kiswahili, kwa Kiboni, bila mkalimani. Hiyo ndiyo siri ya kuishi miaka zaidi ya themanini.

Je, zinaharibu? Sisi hatuamini kwamba mtoto akiona panya akimpiga paka basi kesho atampiga ndugu yake kwa nyundo. Mtoto mkubwa anajua ni mchezo. Mdogo wa miaka mitatu ndiye wa kuangaliwa, kwa sababu yule anaiga bila kupima. Lakini ukweli ni kwamba katuni hizo hazimwulizi mtoto kitu. Anacheka, zinaisha, anangoja nyingine.

Halafu zikaja za miaka ya themanini, na hapa tuwe macho. Chukueni mfano wa He-Man, jamaa wa misuli na upanga. Kampuni ya Mattel ilianza kuuza midoli yake mwaka 1982, na kipindi cha televisheni kikafuata mwaka 1983. Yaani mdoli ulitangulia hadithi. Mwisho wa kila kipindi mmoja wao alijitokeza na kutoa nasaha ya dakika moja, watoto muwe wakweli, watoto msiwaonee wengine. Nasaha ni nzuri, lakini ilikuwa imebandikwa mwisho kama stempu kwa barua. Dakika ishirini za upanga, dakika moja ya mafundisho. Mtoto anabaki na ipi?

Sasa tuje kwetu Afrika, maana habari iko hapa.

Katikati ya miaka ya tisini UNICEF ilileta katuni ya msichana wa Kiafrika aitwaye Sara. Alikuwa na dada mkubwa, tukisema hivyo, huko Asia Kusini, aliyeitwa Meena, na kampuni ya hao hao Hanna na Barbera ilisaidia kumtengeneza huyo Meena. Sara yeye alikuwa wa Afrika ya Mashariki na ya Kusini. Kabla ya kumchora, watu wa mradi waliuliza wananchi katika nchi nyingi: avae nini, aishi wapi, ni mambo gani yanamsumbua msichana wa umri wake? Ndiyo maana alipotokea watu walisema, huyu tunamjua. Ana rafiki yake tumbili, Zingo, wa kuchekesha watoto. Lakini mambo yake si ya kuchekesha. Katika kisa kimoja wanataka kumtoa shuleni, na yeye anatumia akili yake kutengeneza jiko la kupunguza kuni ili ibaki nafasi ya masomo. Kingine kinahusu watu wazima wanaosumbua wasichana. Na kuna kile cha binti wa simba jike, ambacho kinazungumza wazi juu ya kukeketwa.

Tusizunguke hapo. Utafiti wa afya wa serikali wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba katika Kaskazini Mashariki karibu wanawake 98 kwa kila 100, wa umri wa miaka 15 hadi 49, walikuwa wamekeketwa, wakati kwa Kenya nzima walikuwa 21. Sheria ya kukataza ilikuwa imepitishwa miaka mitatu nyuma yake, mwaka 2011. Sheria peke yake haiingii ndani ya nyumba. Mama anayejua uchungu wake mwenyewe hapendi kuulizwa na mgeni mwenye karatasi na kalamu, na ana haki. Lakini akimwona msichana wa picha, ambaye si mtoto wa jirani wala wa ukoo fulani, anaweza kusema, “Huyu msichana anaogopa, na mimi niliogopa.” Amesema juu ya Sara, na ndani yake amesema juu yake mwenyewe, bila aibu ya mtu yeyote.

Wale kati yenu waliopitia mafunzo ya DELTA, ambayo yalianza hapa Kenya mwaka 1974, mtakumbuka kazi ya picha ya mjadala. Picha inaonyesha tatizo lakini haitoi jibu. Tunaona nini? Kwa nini inakuwa hivyo? Kwetu iko? Imetoka wapi? Tufanye nini? Sara alitumiwa namna hiyo hiyo. Kulikuwa na filamu, vitabu vya picha na vipindi vya redio, pamoja na mwongozo kwa yule anayeongoza mazungumzo. Watu walitazama pamoja, kisha mashine ikazimwa, wakaongea. Kuzima huko ndiko kulikuwa na maana.

Kutoka hapo katuni zetu zilikua haraka. Mwaka 2010 zilianza Tinga Tinga Tales, vipindi 52 vilivyotengenezwa Nairobi na wachoraji wa huku kwetu, kwa rangi za ule mtindo wa michoro ulioanzishwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga. Kila kisa kinaeleza kwa nini mnyama yuko alivyo, kwa nini tembo ana mkonga na kadhalika. Mwaka 2014 Ubongo Kids ilitoka Dar es Salaam kwa Kiswahili, watoto na wanyama wakipata shida ambayo haitatuliki bila hesabu, na wimbo ndani yake. Ndugu yake mdogo ni Akili and Me, ya watoto ambao hawajaanza shule, juu ya msichana wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro. Hii ilipimwa: utafiti uliofanywa Morogoro na kutolewa mwaka 2018 uliona kwamba watoto walioitazama walipiga hatua kuliko wenzao katika kuhesabu, kutambua namba na maumbo, hata kuchora. Mwaka 2021 ikatoka Super Sema ya Nairobi, msichana shujaa ambaye nguvu zake ni sayansi na ubunifu, na Lupita Nyong'o ni mmoja wa walioisimamia.

Angalieni tofauti. Katika hizi mpya za kufundisha, mhusika anamgeukia mtoto na kumwuliza, halafu anangoja. “Ni ngapi?” Kimya kidogo. Mtoto anajibu kwa sauti mbele ya kioo. Hii si mbinu ya Ulaya. Ayeeyo akisimulia habari za Dhegdheer usiku alifanya vivyo hivyo, alinyamaza mahali pa kutisha mpaka mtoto akauliza, “Kisha?” Pia somo liko ndani ya hadithi yenyewe, halikubandikwa mwisho. Na kwa watoto wetu wanaoongea Kisomali nyumbani, katuni ya Kiswahili kinachosemwa polepole inawasaidia kuingia darasa la kwanza wakiwa na maneno kidogo mdomoni. Walimu watashukuru.

Kwa hiyo kwa upande wa utengenezaji, sisi tunasema mpya zimeshinda, na wale wazee watusamehe. Lakini kuna kitu kimepotea njiani. Sara alitazamwa na kijiji. Super Sema inatazamwa kwenye simu, mtoto mmoja kwenye kona, simu ya baba ikiwa na bando, na kikiisha kimoja kingine kinajiwekea chenyewe, wala hujui kitakuwa cha nani. Hakuna wa kuzima na kuuliza tunaona nini. Katuni nzuri bila mtu mzima ni mwalimu mzuri anayefundisha kupitia dirishani.

Tungependa basi vikundi vichukue picha mpya na kuzitazama kwa njia ya zamani. Haihitaji pesa nyingi. Kipindi kimoja au viwili, halafu kijana azime, na mama mmoja ambaye zamu ni yake aulize watoto maswali matatu. Si lazima awe amesoma. Tena betri itadumu. Kwa wadogo Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto chini ya miaka miwili asiwekwe mbele ya kioo kabisa, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku. Saa za dugsi na za sala ziheshimiwe, mashine ifungwe. Mzazi akikataa katuni fulani, kwa mfano ile ya Peppa Pig kwa sababu ya nguruwe, hatuna la kubishana naye. Flashi ina nafasi ya nyingine. Kijana wa mashine apewe flashi ya watoto, tofauti na ile ya picha za vita ambazo anawawekea vijana wenzake usiku. Hili la mwisho msiliache, tumeona wenyewe zikichanganywa.

Kuhusu visa vya Sara vilivyo vizito, kile cha kukeketwa hasa, msianze navyo na watoto. Akina mama wavitazame kwanza peke yao, mlango umefungwa, na mwenye kuongoza awe mtu wanayemwamini, ikiwezekana pamoja na mwanamke anayeheshimiwa kwa elimu yake ya dini. Wanaume watazame siku nyingine. Msitafute kukubaliana siku ya kwanza.

Kwa mkutano wenu ujao, zungumzeni haya. Katuni gani watoto wetu wameona wiki hii, na nani aliichagua? Kama Sara angekuwa mtoto wa huku, wa kuchunga mbuzi na kuchota maji Tana, ni jambo gani lingemtoa shuleni: ukame, ndoa, ama kitu kingine? Ni nani kati yetu anajua hadithi za ayeeyo na anaweza kuzisimulia siku ambayo sola haikupata jua? Andikeni majibu hata kwa mistari mitano, kwa Kisomali ni sawa, mpeni mhamasishaji wenu akija mwisho wa mwezi.